Barua ya wazi kwa Meneja wa Mgodi: msimwage tope kwenye bwawa jipya kabla nailoni haijapimwa

Kwako Meneja Mkuu wa Mgodi,
Nakala: Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Afisa Madini Mkazi, wakaguzi wa mazingira wa kanda, Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji.

YAH: KUOMBA KUSITISHWA KUJAZA BWAWA JIPYA LA TOPESUMU MPAKA NAILONI IPIMWE NA MTU WA NJE

Ndugu Meneja,

Salaam, na pole na majukumu. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la mgodi wala la kijiji siandiki hapa, maana sijaja kumchafua mtu, na anayehusika akifika aya ya tatu atajijua. Naandika hadharani kwasababu njia za ndani tumezimaliza. Tulipeleka barua kupitia ofisi ya kijiji ikagongwa muhuri wa kupokelewa basi. Tukakaa kikao na afisa mahusiano wenu, kijana mstaarabu kwa kweli, akaandika kila kitu kwenye daftari na soda tukanywa, majibu hadi leo hamna. Sanduku la maoni pale getini ndo usiseme, kufuli lake lina kutu.

Mimi sio mhandisi na sijisemi mhandisi. Nimefanya kazi ya kutandika nailoni za mabwawa, ile plastiki nyeusi inayolazwa chini ili tope lisizame ardhini, kwenye migodi ya huku Kanda ya Ziwa, nikianza na kubeba viroba vya mchanga, nikapanda mpaka kuwa msaidizi wa mchomeleaji, kushika mashine na kupima mishono, yaani pale karatasi mbili za nailoni zinapounganishwa kwa moto. Saivi niko nyumbani nalima na ni mjumbe wa kamati ya maji. Kwahiyo siku ile kamati yetu ilipopelekwa kuona bwawa jipya, wenzangu walikuwa wanaangalia ukubwa wake na kushangaa, mimi macho yangu yalikuwa chini kwenye mishono.

Kwa ndugu zangu wasomaji ambao hawajawahi kuona hii kitu: dhahabu ikishachenjuliwa, kinachobaki ni marudio, mawe yaliyosagwa kuwa laini kama unga yakiwa na maji na mabaki ya sianidi, pamoja na vyuma vilivyokuwa ndani ya mwamba kama aseniki. Hayo yote yanasukumwa na bomba mpaka kwenye bwawa la topesumu na yatakaa hapo milele, mgodi utafungwa, nyinyi mtahamia nchi nyingine, tope litabaki na sisi. Sianidi ikipata jua na hewa inavunjika, hilo ni kweli na mnapenda kulisema. Ila ikizama ardhini kwenye giza inavunjika taratibu sana, na aseniki haivunjiki kabisa, Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 kwa lita. Kinachotutenganisha na hivyo vitu ni karatasi nyeusi ya plastiki ya HDPE yenye unene wa milimita 1.5, au 2 ukiwa na bahati. Ndo maana naikazania. Sasa niseme moja moja.

1. Ardhi iliyo chini ya nailoni.

Nailoni haichanwi na tope, inatobolewa na jiwe lililoko chini yake pale mzigo unapoanza kuongezeka juu. Kwahiyo kabla hujafungua roli hata moja la nailoni, ardhi inasawazishwa, inashindiliwa na rola la kushindilia, alafu watu wanapanga mstari wanatembea wanaokota mawe na visiki na vipande vya nondo, kazi ya kuchosha lakini ndo kazi yenyewe. Na msimamizi wa nailoni anasaini karatasi kwamba eneo amelipokea, asiposaini hakuna kutandika.

Siku ya ziara, upande wa kaskazini karibu na ngazi ya kushukia, niliona vinundu vimejitokeza juu ya plastiki. Kimoja nilikikanyaga kwa kiatu, jiwe kabisa, kubwa kama yai la kuku na lina ncha. Nikamwonyesha aliyekuwa anatutembeza akasema litazama lenyewe tope likiingia. Ndugu Meneja, haliendi popote lile jiwe, kitakachotokea ni kwamba tope litaibonyeza nailoni juu ya ile ncha mpaka itoboke. Na kama hicho kimoja nimekiona kwa kupita tu, huko katikati ambako hatukufika kuna vingapi?

2. Mishono. Hapa ndo roho yangu inauma zaidi na nitakaa kidogo.

Roli moja lina upana wa mita 7 hivi. Piga hesabu mwenyewe, hekta moja ukiitandika utakuwa na mshono wa kilomita moja na nusu kasoro kidogo, bwawa la hekta 10 ni kilomita 14 za mshono. Kilomita 14 zote zinatakiwa zisiwe na tundu hata la sindano, na zinachomelewa na binadamu anayesikia njaa na jua. Ndo maana kukawekwa utaratibu wa vipimo, sio kwamba wachomeleaji ni wazembe.

Utaratibu uko hivi. Asubuhi kabla ya kazi mashine inajaribiwa kwenye vipande vya pembeni, unakata unavuta, plastiki yenyewe ivutike ichanike lakini mshono usiachie. Mchana hali ya hewa ikibadilika unajaribu tena. Karatasi mbili zinalaliana, zinafutwa vumbi kwa kitambaa kikavu, ndo mashine inapita inaacha mistari miwili ya moto yenye mfereji mwembamba katikati. Ule mfereji haukuwekwa kwa urembo, ni wa kupimia: unaziba huku na huku, unaingiza sindano, unajaza upepo, unakaa dakika tano unaangalia geji. Ikishuka kuna mahali panavuja, utafute. Sehemu za viraka na kona ambazo ile mashine haifiki, wanachomelea kwa bunduki inayotoa plastiki ya moto, na hizo zinapimwa kwa maji ya sabuni na kiboksi cha kioo kinachovuta hewa, mapovu yakitokea pana tundu. Juu ya hapo, kila mita 150 hivi za mshono unakatwa kipande kinaenda kuvutwa maabara, alafu pale ulipokata unaweka kiraka. Kwa kilomita 14 hivyo ni vipande 90 na kitu.

Na kila mshono unaandikwa pembeni kwa maka nyeupe: tarehe, saa, namba ya mashine, joto, spidi, herufi za jina la aliyechomelea. Fundi yeyote wa nailoni analijua hilo, ukikuta mshono hauna maandishi unajua umechomwa tu. Sasa kwenye bwawa lenu karatasi za mwanzo mwanzo zimeandikwa vizuri kabisa, mwandiko wa mtu anayeipenda kazi yake. Ukisogea kuelekea ukuta wa kusini maandishi yanabaki tarehe tu, ukisogea tena hamna hata tarehe. Viraka vya kukatia sampuli navyo vinaonekana huku mwanzo, huko mbele nimeangalia sana sikuviona. Mimi nikiona hivyo najua kilichotokea, ratiba ilianza kubana na mtu akaambiwa songa mbele.

Na nilishuhudia pia vijana wanachomelea huku greda linapita juu ya ukuta na vumbi linashuka kwenye mshono, mmoja anafuta kwa kitambaa chenye maji. Maji na vumbi kwenye mshono ni adui namba moja, mshono unaonekana umeshika kwa macho lakini ukiuvuta unaachia kama bahasha.

3. Kingo, upepo na mikunjo.

Plastiki nyeusi inacheza na jua sana. Alfajiri ni baridi, saa saba mchana ukiweka mkono unaungua, na karatasi ya mita 100 kati ya hiyo asubuhi na huo mchana inarefuka sentimita 50 mpaka 80. Ule urefu ulioongezeka lazima uende mahali, unakuwa mikunjo. Kama mkunjo ukifunikwa na tope ukiwa umesimama unabaki hivyo hivyo, na tundu likiwa juu ya mkunjo ni balaa kuliko tundu la mahali palipolala, kwasababu maji yakiingia hapo yanapata barabara ya kutembea chini ya nailoni mpaka kwingine. Ndo maana kufunika kunafanyika asubuhi mapema nailoni ikiwa imejikunyata. Nyinyi mabomba ya mifereji ya chini na mchanga wake mmeweka mchana kweupe, mikunjo mingine ilikuwa inafika magotini.

Kuhusu kingo, juu ya ukuta unachimbwa mtaro, nailoni inazamishwa ndani inapanda upande wa pili, alafu unafukia na kushindilia kwa tabaka. Mtaro wa maana unafika nusu mita mpaka mita kwenda chini na uko mbali kidogo na ukingo. Kona ya kusini magharibi nimeona nailoni imefukiwa kina cha jembe moja, na sehemu nyingine imewekewa viroba tu juu. Viroba vyenyewe ni vile vya kawaida vya mahindi, jua limeshavila, mchanga umemwagika. Siku za upepo tunasikia mpaka huku barabarani nailoni inapiga, pwaa pwaa, kila mtu anayeenda kisimani ni shahidi. Nailoni ikinyanyuka na kupigwapigwa namna hiyo inavuta mishono na kuichosha, hata kama ilichomwa vizuri.

4. Mvua.

Hili fupi. Nailoni nzuri haisaidii bwawa likijaa mpaka juu. Kule Baia Mare, Romania, tarehe 30 Januari 2000, bwawa la mgodi wa dhahabu lenye plastiki chini lilizidiwa na mvua na theluji iliyoyeyuka, ukuta ukaachia na maji ya sianidi kama mita za ujazo 100,000 yakaingia mitoni yakaua samaki mpaka Hungaria. Vuli inakaribia. Tunaomba kujua bwawa limeachiwa nafasi kiasi gani juu ya maji, na njia ya kutolea maji ya dharura inaelekea wapi, manake tukiangalia mteremko inaelekea kwenye lambo la ng'ombe.

5. Visima vya uangalizi.

Tumeonyeshwa viwili, vyote viko upande wa juu wa bwawa. Maji ya ardhini yanashuka bondeni, na bondeni ndo tuliko. Kisima cha upande wa juu kinatakiwa kiwepo ili kulinganisha, sawa, ila bila cha upande wa chini unalinganisha na nini? Alafu vipimo vya kabla ya bwawa kuanza viko wapi? Bila hivyo, siku maji yakiharibika mtatuambia yalikuwa hivyo hivyo tangu zamani, na sisi hatutakuwa na karatasi ya kubishana nayo.

Sasa najua majibu yatakayokuja, mengine tumeshayasikia kwenye kikao, acha niyajibu hapa hapa.

Mtasema chini ya nailoni kuna udongo wa mfinyanzi kwahiyo hata ikitoboka hakuna shida. Udongo na nailoni vinafanya kazi vizuri pamoja pale nailoni inapolala imegusa udongo, na mikunjo ile haigusi kitu. Halafu huo udongo ni wa mbuga, watu wa huku tunaujua vizuri, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ulikaa wazi muda gani kabla haujafunikwa, na nani alipima unyevu wake?

Mtasema mchoro ulipitishwa na cheti cha mazingira mnacho. Hakuna aliyebisha mchoro. Mchoro ni karatasi, sisi tunauliza kilichotandikwa pale chini kinafanana na mchoro?

Mtasema mkandarasi ana uzoefu wa kimataifa. Vizuri, basi atakuwa na mafaili ya vipimo vyote vya mishono, namba kwa namba, na ramani inayoonyesha kila kiraka kiko wapi. Kuyatoa ni kazi ya asubuhi moja.

Mtasema wananchi wanaiba nailoni. Hili sitalikwepa, kuna watu wanaiba, nailoni nzuri ile inaezeka banda na kuanikia mihogo. Na tunajua ya Nyamongo mwaka 2009, maji yenye tindikali kutoka eneo la mgodi yalifika mto Tigithe, na maelezo ya mgodi wakati ule yalikuwa kwamba nailoni iliibwa. Mimi swali langu ni jepesi: kama mnajua tangu 2009 kwamba nailoni inaweza kuibwa, kwanini uzio wa upande wa bondeni mpaka leo ni nguzo bila waya? Ulinzi wa nailoni ni sehemu ya ujenzi wa bwawa. Sisi kamati tuko tayari kukaa na sungusungu na walinzi wenu tupange zamu, tulilisema hilo kwenye kikao, liko kwenye lile daftari.

Kuna wanaosema pia eti tunatishwa na habari za Mwadui. Pale Novemba 2022 kilichoachia ni ukuta, tope likafunika nyumba na mashamba, na ule ni mgodi wa almasi ambako hawachenjui kwa sianidi. Sisi la kwetu ni jingine. Kuvuja kwa nailoni hakupigi kelele, hakuna mtu atakayepiga picha, utakuja kujua baada ya miaka kwenye maji ya kisima.

Na la mwisho mtasema kusimamisha kunagharimu, kiwanda kinasaga usiku na mchana na bwawa la zamani limejaa. Hapo nawaelewa kabisa. Ila gharama ya kuweka kiraka leo ni kijana mmoja na bunduki ya kuchomelea, ikishakaa mita kumi za tope juu hakuna mtu duniani atakayeweza kushuka kukiweka.

Tunachoomba ni hiki:

Kwanza, msiingize tope mpaka bwawa lote lipimwe kwa umeme. Wanaojua wanajua, nailoni haipitishi umeme, kwahiyo unalowesha juu, unapitisha mkondo mdogo, palipo na tundu umeme unapita na kifaa kinalia, hata tundu dogo ambalo jicho halilioni. Sio teknolojia ya jana, ina miongo kadhaa. Apime mtu asiye mkandarasi aliyetandika, na kamati ya kijiji iwepo wakati wa kupima hata kama tutasimama pembeni.

Pili, ile sehemu ya kusini isiyo na maandishi ikatwe sampuli upya, na mishono itakayoachia irudiwe yote. Vinundu vya upande wa kaskazini vifunguliwe, mawe yatolewe, viraka viwekwe na vipimwe.

Tatu, mtaro wa kingo uchimbwe upya pale ulipo wa jembe moja, viroba vibadilishwe, uzio ukamilike kabla ya vuli.

Nne, visima vya uangalizi upande wa bondeni, visivyopungua vitatu, na maji yapimwe sasa kabla tope halijaingia, kisima chetu cha kunywa na lambo vikiwemo. Matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili.

Tano, majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, yakieleza kila namba hapo juu. "Tumepokea" tunayo tayari.

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya na wakaguzi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira. Tunaomba hiyo ya pili itumike, tupewe nakala ya mafaili ya vipimo vya mishono. Na kwa kampuni, kile kiwango cha kimataifa cha mabwawa ya topesumu kilichotoka Agosti 2020, baada ya lile bwawa la Brumadinho kule Brazil kuua watu 270 Januari 2019, kinataka wananchi walioko chini ya bwawa wapewe taarifa na washirikishwe. Kwenye tovuti yenu mmeandika mnakifuata. Wananchi wa chini ya bwawa ndo sisi.

Mkiamua kuita kikao tuko tayari siku yoyote isipokuwa siku ya mnada, na safari hii tunaomba aje mhandisi wa bwawa mwenyewe pamoja na mkandarasi, na mafaili yao. Afisa mahusiano naye aje na lile daftari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji, kwa niaba ya wakazi wa bondeni.